Katika Msafara wa Mamba



Wahenga walisema kuwa katika msafara wa mamba, kenge nao wamo. Aghalabu methali hii twaitumia kwa watu: penye kundi la wenye sifa, hakosekani asiye na sifa aliyejichomeka humo. Juma hili twapenda kuichukua methali kama ilivyo na kuutazama huo msafara wenyewe. Mamba ni nani? Je, kenge ana nasaba naye? Na mamba wa mto Tana, ni ndugu wa mamba wa Misri, wa Ghana na wa Bara Hindi, au wamefanana sura tu?

Mtu aweza kuuliza: haya yatufaa nini majumbani mwetu? Yatufaa kwa mambo mawili. La kwanza, wapo mama zetu na dada zetu wa Garsen, wa Hola na wa vijiji vya kandokando ya Sabaki ambao huteremka mtoni na ndoo, na kwao mamba si habari ya kitabuni. La pili, watoto wetu hurudi kutoka shuleni na maswali. Mzazi anayejibu kuwa mamba ni mamba tu amefunga mlango ambao ungemfikisha mtoto mbali. Tena tutaona hapa chini kwamba kauli hiyo, mamba ni mamba tu, iliaminiwa na wasomi wakubwa kwa muda wa miaka mia mbili, na chini ya kivuli chake aina nzima ya mnyama ikawa inapungua bila ya kuhesabiwa.

Kufanana si nasaba

Sisi watu wa pwani twaijua thamani ya nasaba. Hatumwiti mtu binamu kwa sababu pua yake yafanana na yetu. Twauliza baba yake ni nani, na babu yake ni nani, mpaka tufike pale ambapo silsila mbili zinakutana. Wataalamu wa wanyama nao siku hizi hufuata njia hiyo hiyo, lakini hawakuanza hivyo. Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye ndiye aliyeweka msingi wa majina ya kitaalamu yanayotumika hadi leo, alimtia mamba katika jenasi moja na mijusi. Katika chapa ya kitabu chake ya mwaka 1766, mamba aitwa Lacerta crocodilus na kenge wa mto Nile aitwa Lacerta nilotica. Yaani bwana huyo aliwaweka mamba na kenge katika msafara mmoja, sawasawa na methali yetu.

Kilichomwongoza ni sura: miguu minne, mkia mrefu, ngozi ya magamba. Walakini ukiangalia ndani, mambo hubadilika. Moyo wa mamba una vyumba vinne kamili, kama moyo wa ndege. Moyo wa kenge hauna mgawanyo huo. Jino la mamba limesimama ndani ya tundu lake katika taya; jino la kenge limegandishwa ubavuni mwa taya. Mamba jike hutaga, hulinda kiota na huitikia sauti za watoto wake, mwenendo ambao twauona kwa ndege. Leo hakuna mtaalamu anayebisha kwamba, miongoni mwa viumbe walio hai, jamii iliyo karibu zaidi na mamba ni ndege. Kenge yuko upande wa mijusi na nyoka. Kwa hiyo kuku anayepekua uani petu ana udugu wa karibu na mamba kuliko alionao kenge. Methali haikukosea: kenge yumo msafarani, lakini si wa ukoo ule.

Hoja ya al-Jahidh na jibu la al-Masudi

Katika vitabu vya Waislamu wa zamani jambo hili la kufanana limewahi kuzua mjadala. Al-Jahidh wa Basra, mwandishi wa Kitab al-Hayawan aliyefariki mwaka 255 Hijria, alidai kwamba mto Mihran wa Sindh, ambao leo waitwa Indus, unatokana na mto Nile. Dalili yake ilikuwa kwamba katika mito yote miwili wamo mamba. Hakuwa wa kwanza. Mwandishi Arrian ameeleza kwamba Iskandar wa Makedonia, alipowaona mamba katika mto Indus, naye alidhani amekifikia chanzo cha Nile.

Aliyemjibu al-Jahidh ni al-Masudi, mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad. Huyu hatukosi kumkumbuka sisi, kwa kuwa mwaka 304 Hijria alikuwa katika bahari yetu hii, akisafiri baina ya Oman na Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa ni Pemba. Katika kitabu chake Muruj al-Dhahab aliikataa hoja hiyo, akasema kwamba al-Jahidh hakuwa mtu wa kusafiri baharini wala wa kuijua njia ya mito. Mito miwili kuwa na mnyama mwenye sura moja si ushahidi kwamba maji yake ni mamoja.

Elimu ya leo imempa al-Masudi ushindi kamili. Mamba wa Sindh si yule wa Nile hata kidogo. Ni aina nyingine, Crocodylus palustris, ambaye watu wa Bara Hindi humwita magar. Pua yake ni pana kuliko ya mamba wetu, na makazi yake ni maji baridi ya mito, maziwa na madimbwi. Ndugu zake wa karibu wako Asia, si Afrika. Basi hata msingi wa hoja, kwamba mamba wa huku na wa kule ni wamoja, haukuwa na ukweli.

Maiti za Thebes

Sasa tumtazame mamba wa Afrika mwenyewe. Mwaka 1768 Josephus Nicolaus Laurenti, mtaalamu wa Vienna, alimtoa mamba katika kundi la mijusi na kumpa jina la Crocodylus niloticus, mamba wa Nile. Miaka thelathini baadaye jeshi la Wafaransa chini ya Napoleon liliingia Misri, likifuatana na wanazuoni wa kila fani. Mmoja wao alikuwa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, mtaalamu wa wanyama.

Wamisri wa kale walikuwa na mungu wao aliyeitwa Sobek, na kwa ajili yake walihifadhi maiti za mamba kwa maelfu, wakazifunga sanda na kuziweka makaburini. Wayunani waliligeuza jina hilo likawa Suchus. Geoffroy alizichunguza maiti hizo, na mwaka 1807 akatangaza kwamba fuvu moja kutoka Thebes halikuwa la mamba wa Nile wa kawaida. Lilikuwa jembamba zaidi. Akasema ni aina ya pili, mdogo na mpole zaidi, na akamwita Crocodylus suchus. Wenzake hawakumkubali. Kwa takriban miaka mia mbili, mamba yeyote wa kundi hili, kuanzia Senegal hadi Tana na hadi Afrika Kusini, aliandikwa katika daftari moja: mamba wa Nile.

Mwaka 2011 mtaalamu Evon Hekkala wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba. Vinasaba ni ile maandishi ya urithi iliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, ambayo mtoto huipokea kwa wazazi wake. Kwa hiyo kuisoma ni kuisoma silsila ya kiumbe. Walichukua chembe kutoka kwa mamba walio hai, kutoka mifupa na ngozi zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na hata kutoka maiti zile za Misri. Yaliyopatikana yalimpa haki Geoffroy. Mamba wa magharibi mwa Afrika ni aina mbali na mamba wa mashariki. Na maiti walizozipima zote zilikuwa za suchus.

Jambo lililowashangaza wengi ni jingine. Mamba wetu wa mashariki, yule wa Tana, wa Turkana na wa Mara, amedhihirika kuwa na udugu wa karibu zaidi na aina nne za mamba wa Marekani, wakiwemo wale wa Cuba na wa mto Orinoco, kuliko alionao na mamba wa Ghana au Senegal. Anayefanana naye mpaka wasomi wakashindwa kuwatofautisha ni jamaa wa mbali, na aliye ng'ambo ya bahari kuu ndiye binamu.

Hasara ya jina moja

Je, tofauti hii ina uzito gani nje ya vitabu? Ina uzito mkubwa. Mnyama hulindwa kwa hesabu: wako wangapi, wako wapi, wanaongezeka au wanapungua. Mamba wa mashariki na wa kusini mwa Afrika ni wengi mahali pengi, na ngozi zao huuzwa kwa utaratibu wa mikataba ya kimataifa. Hesabu hiyo njema iliwafunika na wale wa magharibi, kwa kuwa wote walikuwa na jina moja. Huku daftari likisema mamba wa Nile yu salama, suchus alikuwa anawindwa, madimbwi yake yanakauka, na katika mto Nile wa Misri, pale pale alipozikwa kwa heshima na watu wa kale, ametoweka. Hivi leo mamba wa Misri wanapatikana katika ziwa Nasser, juu ya bwawa la Aswan, nao ni wa aina ya mashariki.

Tabia nazo hazilingani. Mwanahistoria Herodotus alieleza kwamba watu wa Thebes walimfuga mamba na kumvika mapambo. Leo huko Paga, kaskazini mwa Ghana, watu huishi kando ya bwawa lenye mamba wa suchus na kuwasogelea kwa namna ambayo haiwezekani kwa mamba wa Tana. Hatusemi hivi ili mtu ajaribu. Mamba ni mamba katika meno. Twasema ili ieleweke kwamba anayesikia habari za Paga asidhani mnyama wa mtoni kwetu ni yule yule. Mamba wetu ni mkubwa zaidi, na mkali zaidi.

Mifupa ya Turkana na Olduvai

Nasaba iliyomo katika vinasaba ina shahidi wa pili, nao ni visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe ardhini. Nchi yetu ni tajiri mno wa shahidi huyu. Bonde la Turkana limejengwa kwa matabaka ya mchanga na tope ambamo majivu ya volkano yametandazwa mara kwa mara. Majivu hayo yana madini ya potasiamu, na sehemu ya potasiamu hiyo hugeuka polepole, kwa kiasi kinachojulikana, kuwa hewa ya agoni. Mtaalamu akipima agoni iliyokusanyika hupata umri wa tabaka, na mfupa uliolala baina ya matabaka mawili ya majivu hupata umri wake.

Kwa njia za namna hii wamekadiria kwamba kati ya miaka milioni 18 na milioni 15 iliyopita, katika ardhi ya Kenya waliishi mamba ambao mwaka 2022 walipewa jina la Kinyang, kutokana na neno la Kiturkana lenye maana ya mamba. Mmoja wao amepatikana Maboko, katika ziwa Victoria. Urefu wao ulifika kama mita 4, lakini kwa ukoo walikuwa jamaa wa mamba mbilikimo, ambaye leo huishi katika misitu ya Kongo na Afrika Magharibi na hafiki mita 2. Yaani Kenya ilikuwa na mbilikimo majitu! Misitu ilipopungua na hali ya hewa ilipobadilika, wakatoweka, na mahali pao pakaja kushikwa na ukoo wa mamba tunaowajua.

Katika Turkana hiyo hiyo aliishi Euthecodon, mwenye pua ndefu nyembamba kama upanga, aliyevua samaki. Kwa sababu ya pua yake wataalamu walimweka kwanza na mamba wa pua nyembamba wa Asia. Baadaye mifupa mingine ya fuvu ilionyesha kwamba naye ni wa upande wa mbilikimo. Kosa la al-Jahidh limejirudia katika jiwe: pua nyembamba humfaa kila anayevua samaki, na haimtaji baba yake.

Kisha yupo Crocodylus thorbjarnarsoni, aliyetambuliwa mwaka 2012 kutokana na mifupa iliyohifadhiwa katika makumbusho ya taifa, Nairobi. Aliishi Turkana kati ya miaka milioni 4 na milioni 2 iliyopita, na anakadiriwa kuwa alipita mita 7. Na katika bonde la Olduvai, Tanzania, Mtanzania Jackson Njau na wenzake walimtangaza mwaka 2010 mamba mwingine wa miaka takriban milioni 1.8 iliyopita, wakamwita Crocodylus anthropophagus, maana yake mla watu. Sababu ya jina hilo ni kwamba katika matabaka hayo ya Olduvai, mifupa ya miguu ya viumbe ambao wataalamu huwahesabu katika jamii ya binadamu wa kale imekutwa na alama za meno ya mamba. Hofu ya ukingo wa mto ni ya kale mno.

Na lile daraja la kwenda Marekani je? Huko Sahabi, Libya, lilipatikana fuvu la mamba aitwaye Crocodylus checchiai, wa miaka kama milioni 7 iliyopita. Mwaka 2020 wataalamu wa Italia walilitazama upya kwa mashine za picha za ndani, wakaona juu ya pua yake nundu ambayo leo wanayo mamba wa Marekani. Ikaonekana kwamba jamaa zake walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika. Hilo lawezekana kwa kuwa mamba wa jenasi hii ana tezi katika ulimi za kutolea chumvi. Akipelekwa na maji huweza kustahimili bahari kwa muda. Kwa hiyo hata mamba wangekuwa wamoja kweli, bado isingelazimu mito yao kuungana. Al-Masudi alikuwa na haki mara mbili.

Je, mamba hajabadilika?

Watoto huambiwa kwamba mamba ni mnyama ambaye hajabadilika tangu enzi za dinosaria. Tuwasahihishe kwa upole. Ukoo mkubwa wa mamba ni wa kale kweli, zaidi ya miaka milioni 200. Lakini ndani ya ukoo huo walikuwemo waliokimbia nchi kavu, waliokaa baharini, na hata waliokula majani. Katika bonde la Rukwa, Tanzania, mwaka 2010 alitangazwa Pakasuchus, ambaye jina lake limeunganisha paka wetu wa Kiswahili na Suchus wa Misri. Alikuwa na kimo cha paka wa nyumbani, akiishi nchi kavu, na meno ya nyuma yanayosaga kama ya wanyama wanyonyeshao. Mamba tunayemwona leo mtoni ni tawi moja, tena changa, la mti mkubwa ambao matawi yake mengi yamekatika.

Mama wa mtoni

Tumalizie kwa jambo linalowahusu zaidi wale wanaoteka maji. Mamba jike wa aina yetu hutaga mayai ambayo aghalabu huwa kati ya 25 na 80, huyafukia mchangani na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi, huku chakula chake kikiwa haba. Joto la mchanga ndilo linaloamua yai litoe dume au jike. Watoto wakikaribia kutoka hulia wangali ndani ya mayai. Mama husikia, hufukua, na huwabeba kinywani mpaka majini. Taya ile ile inayovunja mfupa wa ng'ombe humshika mtoto bila ya kumkwaruza. Lakini uangalizi huo ndio unaomfanya awe hatari karibu na kiota, kwa kuwa hamvumilii anayekaribia.

Mamba ni mviziaji. Hujifunza mahali na wakati. Anayeteka maji pale pale, saa ile ile, kila siku, humfundisha mnyama ratiba yake. Basi tubadilishe mahali inapowezekana. Tuteke kwa ndoo yenye kamba ndefu, si kwa kuingia majini. Tuepuke magharibi na usiku. Vijiji vijenge ua wa miti imara ndani ya maji mahali pa kutekea, na mafuriko yakipungua tusiwaache watoto wakaogelea katika madimbwi yaliyobaki mashambani, kwani mto ukifurika mamba huja pamoja nao. Anayeona mamba karibu na makazi awaarifu wahudumu wa wanyamapori, wala wasimwachie mtoto kazi ya kumfukuza kwa mawe.

Kumjua mnyama huyu kwa nasaba yake hakumpunguzii ukali, lakini kunamwekea kila mmoja daftari lake. Suchus wa Ghana apate kulindwa kwa jina lake kabla hajaisha. Mamba wa Tana apewe nafasi yake na tahadhari yake. Na kenge, maskini, aachwe apite zake. Msafarani yumo, lakini ndoo za mama zetu hana haja nazo.